Winston Churchill na Jeshi la Chumbani

Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, ndivyo walivyonena wahenga. Winston Churchill hakuwa mwana wa mhunzi, lakini alizaliwa katika ukoo wa vita, na hata alipokuwa mdogo hakukosa kuvukuta. Wengi wetu tunamfahamu kutokana na somo la Historia: yule mzee mnene mwenye sigara nene mdomoni, Waziri Mkuu wa Uingereza wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Mimi nataka tumtazame kwanza akiwa mvulana aliyeinamia meza, na mbele yake askari karibu 1,500 wasiopumua. Kwa maoni yangu, ukimwelewa yule mvulana, mengi aliyoyafanya yule mzee hayatakushangaza, pamoja na yale yaliyotupata sisi hapa Kenya.

Alizaliwa tarehe 30 Novemba 1874 katika jumba la Blenheim huko Uingereza. Jumba hilo alijengewa babu wa babu zake, John Churchill, Duke wa Marlborough, kama tuzo ya kuwashinda Wafaransa vitani mwaka wa 1704. Basi mtoto alifungua macho akaona picha za vita ukutani. Baba yake, Lord Randolph Churchill, alikuwa mwanasiasa mwenye ulimi mkali. Mama yake, Jennie Jerome, alikuwa Mmarekani mrembo kutoka New York. Wazazi hawa walikuwa watu wa siasa na karamu, na kama ilivyokuwa desturi ya matajiri wa siku zile, mtoto aliachiwa yaya. Yaya mwenyewe aliitwa Bi Elizabeth Everest. Huyo ndiye aliyemwogesha, akamfariji na kumsikiliza, na huyo ndiye aliyempenda kikweli. Alipofariki mwaka wa 1895, Winston, ambaye sasa alikuwa ofisa wa jeshi, alikuwa kando ya kitanda chake, na yeye na mdogo wake wakamwekea jiwe la kaburi.

Shuleni mambo hayakuwa mazuri. Alipelekwa bweni mwaka wa 1882 kabla hajatimiza miaka minane, na shule hiyo ya kwanza ilikuwa ya viboko hasa. Wenzangu, sisi tunaolalamikia mwalimu wa zamu tukichelewa asubuhi, tungekimbia siku ya kwanza! Baadaye alihamishiwa shule ya akina dada wawili wapole karibu na Brighton. Siku moja baba yake alifika katika mji huohuo kwa shughuli zake za siasa, akaondoka bila hata kupita kumjulia hali. Mvulana aliandika barua akimwuliza kwa nini. Nilipoyasoma haya nilifunga kitabu kwanza. Mtu anaweza kuzaliwa katika jumba lenye vyumba visivyohesabika na bado asiwe na baba wa kumtembelea.

Hapo ndipo askari wanapoingia. Askari hao walikuwa wa madini ya risasi. (Ajabu ya lugha yetu ni kwamba madini hayo na kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki huitwa kwa jina moja!) Wakati huo askari wengi wa kuchezea walitengenezwa Ujerumani, hasa Nuremberg na Dresden, na walikuwa ghali. Ilikuwa hadi mwaka wa 1893 ndipo Mwingereza mmoja, William Britain, alipobuni njia ya kuwamimina wakiwa na uwazi ndani, hivyo wakawa wepesi na bei ikashuka. Winston hakungoja bei kushuka. Alikusanya mmoja mmoja, kikosi kwa kikosi, hadi wakakaribia 1,500. Wote walikuwa wa kimo kimoja na wote walikuwa Waingereza. Hakuwarundika sandukuni kama takataka. Aliwapanga kama jeshi halisi: divisheni nzima ya askari wa miguu, na brigedi ya wapanda farasi. Alikuwa na mizinga 18 ya uwanjani, mbali na ile ya ngome. Binamu yake mmoja alikumbuka meza ndefu ya mbao iliyotoka ukuta hadi ukuta, imejaa askari waliojipanga tayari kwa vita. Risasi zao zilikuwa mbaazi na vijiwe. Kitu kimoja tu kilipungua, nacho ni magari ya kubebea mizigo ya jeshi. Rafiki mmoja wa baba yake alipoliona pengo hilo, alitoa pesa yanunuliwe.

Sasa, vita havipiganwi na upande mmoja. Adui alikuwa mdogo wake, Jack, aliyezaliwa mwaka wa 1880. Na hapa, msomaji mpendwa, naomba usome polepole. Winston alimwekea Jack mkataba wa kupunguza silaha. Kwa mkataba huo, Jack aliruhusiwa kuwa na askari wa rangi peke yake, yaani watu weusi na wenzao wasio Wazungu, na askari hao hawakuruhusiwa kuwa na mzinga hata mmoja. Haya si uvumi wa maadui zake. Ni yeye mwenyewe aliyeyaeleza katika kitabu cha maisha yake ya ujana alichokitoa mwaka wa 1930, na aliyaeleza kwa ucheshi.

Mimi pia nimecheza vita, na nilikuwa upande wa Jack. Kaka yangu alikuwa na askari wa plastiki wa kijani kibichi, wale wa rundo la mitumba sokoni, tukawaweka ndani ya mkebe wa Kimbo. Mmoja alipiga goti, mmoja alibeba redio, mmoja alilala kifudifudi na bunduki yake. Kaka aligawa. Wazima walikuwa wake, waliovunjika miguu wakawa wangu, na waliopungua nilijazia kwa udongo wa kufinyanga, ambao ukikauka hukatika shingo. Nawakumbuka kwa mapenzi hata sasa. Lakini nakumbuka vilevile kwamba jeshi la udongo halikuwahi kushinda, kwa sababu aliyetunga sheria ndiye aliyekuwa na jeshi zima. Kwa hiyo nilipofika kwenye mkataba wa Jack sikucheka kama mwandishi alivyotarajia.

Basi siku moja, Winston akiwa kijana wa miaka kama 14, Lord Randolph alikuja mwenyewe kukagua jeshi. Askari wote walikuwa wamepangwa kwa ajili ya mashambulizi. Baba alisimama akatazama kwa dakika ishirini nzima, macho makali, tabasamu usoni. Kisha akamwuliza mwanawe kama angependa kuingia jeshini. Mvulana aliona itakuwa fahari iliyoje kuongoza jeshi, akakubali papo hapo. Hapo ndipo njia yake ya maisha ilipokatwa. Kwa miaka mingi aliamini kwamba baba yake, kwa ujuzi wake mwingi, alikuwa ametambua ndani yake kipaji cha jemadari. Kumbe! Baadaye aliambiwa ukweli: baba alikuwa ameamua kwamba kijana huyu hana akili za kutosha kusomea uwakili. Jeshi lilikuwa mahali pa kumtupia.

Zile dakika ishirini zinanihuzunisha kuliko barua ya Brighton. Nadhani zilikuwa miongoni mwa mara chache ambazo baba alisimama na kutazama kitu alichokifanya mwanawe, na hata hapo alikuwa anapima upungufu.

Shule ya sekondari alisomea Harrow, ambako alianzia katika darasa la chini kabisa. Kilatini kilimshinda. Lakini kumbukumbu yake ilikuwa ya ajabu, kwani alipata tuzo kwa kukariri mistari 1,200 ya mashairi bila kukosea. Mtihani wa kuingia chuo cha kijeshi cha Sandhurst alianguka mara mbili, akapita mara ya tatu mwaka wa 1893. Alama zake zilimtosha kuwa mpanda farasi tu, na gharama za farasi zilikuwa juu ya wazazi. Badala ya pongezi, baba alimtumia barua ya kumwonya kwamba anaelekea kuwa mtu wa hasara asiyefaa kitu. Tarehe 24 Januari 1895 Lord Randolph alifariki, akiwa na miaka 45. Mwezi uliofuata Winston alivishwa sare, na hakupata nafasi tena ya kumwonyesha baba jeshi lolote.

Baada ya hapo alikimbilia kila mahali palipokuwa na vita. Mwaka huohuo wa 1895 alikwenda Cuba kutazama, na ilikuwa siku yake ya kutimiza miaka 21 aliposikia risasi za kweli kwa mara ya kwanza. Mwaka wa 1897 alipigana mpakani mwa India, mkono mmoja na upanga na mwingine na kalamu, kwa maana aliandikia magazeti.

Mwaka wa 1898 ulimfikisha Omdurman, karibu na Khartoum. Tarehe 2 Septemba jeshi la Waingereza na Wamisri chini ya Kitchener lilikabiliana na jeshi la Khalifa Abdullahi, watu kama 50,000. Kitchener alikuwa na mizinga, bunduki za Maxim na manowari ndogo mtoni Nile. Wasudani walikuwa na mikuki, panga na bunduki za zamani, na mizinga ya maana karibu hawakuwa nayo. Hebu rudi kwenye ile meza ya mbao ukumbuke mkataba wa Jack. Kufikia adhuhuri Wasudani yapata 10,000 walikuwa wamekufa. Kwa Kitchener waliokufa hawakufika 50. Churchill mwenyewe aliingia vitani na kikosi cha 21 cha wapanda farasi wenye mikuki, yeye akitumia bastola kwa sababu bega lake lilikuwa limeumia. Katika dakika mbili hivi kikosi chake kilipoteza watu kama 20. Wahenga hawakukosea kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Hata hivyo sitamsingizia. Tofauti na vijiwe na mbaazi, hapa aliona majeruhi, na katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1899 alilaumu jinsi majeruhi wa Kisudani walivyotendewa na jinsi kaburi la Mahdi lilivyovunjwa, ingawa aliyekuwa akilaumiwa ni mkubwa wake. Kijana wa miaka 24 kumkosoa jemadari mbele ya taifa zima, hilo si jambo dogo.

Mwaka wa 1899 alitekwa na Makaburu Afrika Kusini, akatoroka jela huko Pretoria, akarudi kwao shujaa, na mwaka wa 1900 akawa mbunge. Siasa zake za kuhama chama hiki kwenda kile nitaziruka, wanaozipenda wakamwulize mwalimu wa Historia.

Lakini ya mwaka wa 1907 siwezi kuyaruka, kwa sababu mwaka huo alikanyaga hapa kwetu. Alikuwa naibu wa waziri wa makoloni. Alishuka Mombasa mwezi wa Oktoba mwishoni, akapanda garimoshi la Reli ya Uganda, na badala ya kukaa ndani kama waheshimiwa wengine, alikaa kwenye benchi lililofungwa mbele ya injini ili aone wanyama vizuri. Karibu na stesheni ya Simba aliwinda kifaru. Alifika Nairobi, Thika, Fort Hall ambayo leo ni Murang'a, na Embu, kisha akaelekea Kisumu, Uganda na mto Nile. Katika kitabu cha safari hiyo, cha mwaka wa 1908, aliisifu nchi, akawaeleza Wakikuyu kama watoto wachangamfu wanaoweza kufundishwa. Watoto! Sijui wazee wa Murang'a waliomkaribisha wangesema nini kama wangeyasoma.

Muda mfupi baadaye, mapema mwaka wa 1908, Otenyo alimchoma mkuki mkuu wa wilaya, Northcote, huko Gusii. Serikali ya kikoloni ilituma askari wa King's African Rifles, wakachoma nyumba, wakateka ng'ombe na kuua mamia ya watu. Taarifa zilipofika London, aliyeuliza kwa hasira kama ni lazima kuendelea kuwaua kwa wingi vile watu wasio na kinga alikuwa Churchill. Ndiyo maana nasema ni mtu mgumu kumpima. Aliyetunga sheria ya kumnyima Jack mizinga ndiye huyuhuyu aliyeona vibaya sheria hiyo ilipotekelezwa kikamilifu. Aliona vibaya, lakini himaya yenyewe aliendelea kuitetea.

Vita Vikuu vya Kwanza vilimkuta akiwa waziri wa jeshi la wanamaji. Mwaka wa 1915 alishikilia mpango wa kuvamia mlango wa bahari wa Dardanelles ili kuishinda Uturuki. Kwenye ramani mpango ulionekana safi. Meli zilishindwa kupita, askari wakateremshwa Gallipoli tarehe 25 Aprili, wakanasa kwenye fukwe na vilima hadi walipoondolewa Januari 1916. Uingereza na wenzake walipoteza zaidi ya watu 40,000 waliokufa, na Waturuki zaidi ya 80,000. Kati ya maofisa waliokuwa huko kwenye makao ya jemadari alikuwepo Jack, ndugu yake.

Churchill alipoteza cheo. Angeweza kubaki bungeni akilaumu wengine, lakini alivaa sare akaenda kuongoza batalioni moja ya Waskoti katika mahandaki ya Ubelgiji mwanzoni mwa 1916. Alilala kwenye matope, akakagua mahandaki usiku, akajua sura za watu wake. Kwangu mimi hiyo miezi michache ndiyo sehemu bora ya maisha yake ya kijeshi, kuliko mbio zote za farasi.

Ya mwaka wa 1940 yanajulikana. Alikuwa na miaka 65 alipofanywa Waziri Mkuu tarehe 10 Mei, Ufaransa ikianguka, na alikataa kusujudu mbele ya Hitler wakati wengi walikuwa wamekata tamaa. Dunia ina deni kwake kwa hilo, hata sisi, kwani Hitler hakuwa na nafasi ya mtu mweusi katika mipango yake. Chini ya ardhi huko London kulikuwa na chumba cha ramani, kuta zimejaa pini za rangi zikionyesha majeshi na meli. Na mwaka wa 1944, majeshi yalipojiandaa kushuka Normandy, mzee huyu alitaka kwenda kutazama akiwa juu ya manowari. Ilibidi Mfalme George wa Sita amzuie! Yule mvulana alikuwa bado yuko ndani.

Safari hii askari wake hawakuwa Waingereza peke yao. Wanajeshi wa Afrika Mashariki walipigana Ethiopia mwaka wa 1941, na mwaka wa 1944 divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipenya bonde la Kabaw huko Burma katikati ya mvua na malaria. Mmoja wa Wakenya waliopigana Burma alikuwa Waruhiu Itote. Wakati huohuo, mwaka wa 1943, njaa iliua watu karibu milioni tatu Bengal nchini India, na wanahistoria wengi wanailaumu serikali ya Churchill kwa kuchelewesha msaada.

Wapigakura walimwondoa mwaka wa 1945, wakamrudisha mwaka wa 1951. Hivyo hali ya hatari ilipotangazwa Kenya mwezi wa Oktoba 1952, aliyekuwa Waziri Mkuu London alikuwa yeye. Waruhiu Itote alikuwa sasa msituni Mlima Kenya kwa jina la General China. Watu wa Mau Mau walitengeneza bunduki zao wenyewe kwa mabomba ya maji, makomeo ya milango na mipira. Juu yao zilipita ndege za kivita zikiangusha mabomu Nyandarua na Mlima Kenya. Jemadari Erskine alitumwa na barua ya Churchill ya kumruhusu kutwaa madaraka yote ikibidi, naye akaibeba ndani ya kibweta cha miwani yake. Kambi zilijaa wafungwa, vijiji vikazungushiwa mitaro. Mwaka wa 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 walioteswa miaka hiyo. Mwaka wa 1953, mambo haya yakiendelea, Churchill alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fasihi.

Alijiuzulu Aprili 1955. Aliishi kuiona Kenya ikipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Alifariki London akiwa na miaka 90, tarehe 24 Januari 1965, siku ileile ya mwaka aliyofariki baba yake, miaka 70 ikiwa imepita. Alipewa mazishi ya kitaifa, na mizinga ilipigwa mara 90, mmoja kwa kila mwaka wa maisha yake. Kisha mwili ulipelekwa kwa garimoshi hadi makaburi ya kijiji cha Bladon, karibu na jumba alikozaliwa. Baba na mama yake wamezikwa hapo. Jack pia yuko hapo, tangu mwaka wa 1947.